Gauni Lililozidi

Wiki iliyopita niliwaacha nimejifungia chumbani na cherehani yangu, nakata sare za safari. Kwa ambaye hakusoma, ngoja nimsogeze kidogo ili twende pamoja.

Ninaishi kwa mwanangu wa kwanza, mchomelea vyuma, na mkewe msusi, na wajukuu wangu wawili. Mwanangu wa mwisho, binti, yuko jiji kubwa, na humu ndani hatajwi. Hakuja kumzika baba yake. Kaka yake aliapa kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, kwamba yule si ndugu yake tena. Mimi nilinyamaza. Na mimi moyo ulikuwa umeniuma, nisiwadanganye.

Kisha binti akanipigia simu kwa siri, kaka yake akiwa kazini. Ana uvimbe tumboni. Atapasuliwa wakati wa likizo za shule, na anaogopa.

"Mama, nikizinduka nataka nikuone wewe," aliniambia. "Lakini ukimwambia kaka, mlango wangu sikufungulii."

Akaniapisha. Nikaapa.

Sasa mimi jiji lile silijui hata kwa ndoto. Macho yana ukungu, miguu ikikaa kwenye basi inavimba kama mkate. Peke yangu siwezi. Ndipo nikazua habari ya likizo ya familia. Nikasema nazeeka, sijaona ghorofa refu, sijapanda ngazi inayotembea yenyewe, je, nife hivi hivi? Wajukuu wakadakia, mkwe akadakia, na mwanangu, ambaye kwa kawaida hata sokoni humtoi, akakubali.

Uongo wangu ulikuwa umesimama kwa miguu yake. Kilichobaki ni kuupandisha basi.

Mwanangu ni mtu ambaye akishika jambo hashiki nusu. Alisikia kwamba jijini watu hupotezana mchana kweupe, akaamua tufanye mazoezi. Akafungua kamba ya kuanikia nguo, akatupanga uani, kila mtu ashike fundo lake. Mabeseni yakawa magari. Yeye akawa askari wa barabarani, filimbi mdomoni.

Tulivuka barabara ile ya mabeseni mpaka magoti yakaniuma. Mjukuu wangu wa kike, tunayemwita Maswali, akataka kujua kama magari ya jijini nayo yatakaa kimya hivyo kusubiri. Mdogo wake, yule ninayemwita mume wangu, alikaa ndani ya gari mojawapo, akakataa kutoka.

Kulikuwa na sheria pia. Simu mfukoni. Usijibu mtu anayekuita shangazi. Na usiinue kichwa kutazama majengo, maana wezi wakikuona unatazama juu watajua wewe ni mgeni.

Mkwe aliuliza kwa upole kabisa, "Sasa baba watoto, tunakwenda kutazama nini, viatu?"

Nilicheka mpaka machozi. Mengine hayakuwa ya kicheko.

Sheria ya mwisho ilikuwa sare. Wote tuvae kitambaa kimoja, cha njano chenye maua makubwa, ili mtu akipotea aonekane kutoka mbali. Kushona akaniachia mimi. Hapo ndipo mbio zangu za sakafuni zilipofika ukingoni, ila wakati ule sikujua.

Nimeshona tangu nikiwa msichana. Watu wangu siwapimi kwa utepe, napima kwa kichwa. Nikitandika kitambaa mezani, mkono unakwenda wenyewe: shati la mwanangu, gauni la mkwe, la Maswali, kaptura ya mume wangu, la kwangu. Na mkono ule, wasomaji wangu, haukusimama. Kitambaa kilikuwa kimebaki. Nikakata na la binti.

Sikulikata kwa kusahau. Nililikata nikijua, nikijiambia nitalificha chini ya nguo zangu, nimvike siku atakapotoka hospitali. Nilitaka mara moja tu wanangu wote wawe wa kitambaa kimoja, hata kama wasingesimama pamoja.

Nikalikunja, nikaliweka chini kabisa ya begi langu.

Sikujua kwamba mkwe wangu, kwa wema wake, angeamua kunipangia begi upya ili dawa zangu ziwe juu.

Tulikuwa sebuleni, siku moja kabla ya safari. Mimi natia vifungo, mwanangu anafunga mkanda wa begi la watoto uliokatika. Mkwe akatoka chumbani amelishika gauni kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya.

Akajipimia. Likagoma kifuani. Urefu, likapita.

"Mama, hili la nani?"

Nikasema la mteja.

"Mteja wa kitambaa chetu cha safari?"

Uongo una njia fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Lakini mkwe hakunitazama mimi. Alimgeukia mumewe, na sauti yake ikawa ya chini sana, ile ya kuogopesha.

Alisema sasa ameelewa. Ameelewa kwa nini mtu asiyependa hata kwenda sokoni amekubali jiji kubwa. Kumbe huko kuna mwenzake, mwembamba, mrefu, na mama mkwe mwenyewe ndiye fundi wake. Wateja wake wote wa kusuka amewatangazia safari, kumbe anakwenda kupokewa na mke mwenzake, tena kwa sare.

Maskini mwanangu. Alibaki mdomo wazi, mkanda wa begi mkononi. Alijaribu kuapa, akajaribu kucheka, vyote vikamshinda. Mwisho akamnyang'anya gauni, akalinyanyua mbele ya dirisha amwonyeshe kwamba halijui.

Ndipo akaliona bega.

Binti yangu bega lake la kushoto limelala. Alivunjika mtulinga akiwa mdogo, ukaunga vibaya. Tangu hapo kila nguo yake naitilia pamba begani upande huo, vidole viwili unene, ili mabega yakae sawa na watoto wenzake wasimcheke. Hakuna fundi mwingine anayejua. Hakuna mtu mwingine mwenye bega lile.

Na aliyemwangusha ni kaka yake. Alimpakia kwenye baiskeli, wakateremka mlima bila breki. Mwanangu aliisikia mifupa ile ikilia. Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, analia kuliko yeye.

Niliona kidole gumba chake kinabonyeza ile pamba. Mara moja. Mara ya pili.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Alimwambia mkewe, "Huyu si mke mwenzako. Huyu ni yule."

Kisha akanigeukia mimi. "Kwa hiyo likizo ilikuwa hii, Mama. Sisi wote tulikuwa kapu la kubebea siri yako."

Nilikuwa nimeshika sindano, nikaendelea kutia kifungo kwenye tundu lisilokuwepo.

Mkwe naye, hasira zilipokosa pa kwenda, zikanijia mimi. Alisema amenifulia, amenisuka, amenipaka mafuta miguu hii, na mimi nimemfanya mjinga pamoja na watoto wake. Alikuwa na haki. Maswali aliuliza kama bado tunakwenda kuona ngazi inayotembea.

Asubuhi mwanangu aliondoka bila chai. Nilifikiri amekwenda karakana. Kumbe alipitia kituo cha mabasi kwanza, akarudisha viti vyetu vyote. Mkwe ndiye aliyeniambia, akiwa anafua zile sare ambazo hazijavaliwa, ili tu mikono ipate la kufanya.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo baadhi yenu mtanilaumu.

Nilikuwa na kiapo cha binti yangu. Na nilikuwa na siku yake ya kupasuliwa, keshokutwa. Kiapo nikikitunza, atazinduka akute ukuta. Au asizinduke, aondoke akijua mama yake hakuja. Nikikivunja, atanifungia mlango. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikayapima, na kila nilivyopima nilikuwa nampoteza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikavaa ndala, nikaenda karakana.

Mwanangu alikuwa amevaa kioo cha kuchomelea, anaunga geti la mtu. Cheche zinaruka. Nilisimama pembeni kama mteja. Alijua nipo, mgongo wake ulikuwa umekakamaa. Akaendelea mpaka waya ukaisha.

Alipovua kioo nikamwambia yote kwa pumzi moja. Uvimbe. Kisu cha daktari. Hofu yake. Kwamba sikuwa nakwenda kumtembelea kwa siri ili kumdharau yeye. Nilikuwa nakwenda kukaa pembeni ya kitanda.

Nikasubiri aseme yale ya kaburini. Nilishayazoea, nilikuwa nimejiandaa.

Akakaa juu ya chuma. Kile chuma kilikuwa bado cha moto, nikamwona akishtuka, lakini hakunyanyuka.

"Mama," alisema. "Sikumwita."

Sikumwelewa. Nikamuuliza hakumwita nani.

"Msiba wa Baba. Uliniambia nimpigie simu. Nikakwambia nimempigia, amesema hana nafasi. Sikumpigia. Alijua baada ya sisi kuzika, kutoka kwa watu."

Kuna mashine ilikuwa inaunguruma mahali fulani mle ndani. Naikumbuka ile sauti kuliko uso wake.

Alinieleza akitazama sakafu. Kwamba baba yake alipougua akawa wa kitandani, ni yeye aliyemgeuza, yeye aliyemwosha, yeye aliyemlisha kwa kijiko. Na siku ya mwisho baba alifumbua macho akaita jina moja, la binti. Akaliita mpaka akakata roho. La kwake hakulitaja.

"Nikasema basi," akasema mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, "anayetajwa asiambiwe. Nikadhani hasira itakwisha baada ya siku mbili tatu. Maji yakawa yamemwagika. Nikaona afadhali awe yeye ndiye mbaya."

Nilitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa. Halafu nikamwona vile alivyojikunja juu ya kile chuma, nikamwona yule mtoto wa baiskeli.

Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza binti yangu kwa nini hakuja. Niliogopa jibu. Na yeye hakuwahi kuniuliza kwa nini sikumwambia. Tuliongea habari za hali ya hewa na bei ya sukari, tukaizunguka maiti ya baba yake kama watu wanaozunguka shimo.

Kumbe alidhani ni mimi niliyemficha msiba.

Kabla sijapata neno la kumwambia mwanangu, mkwe aliingia mbio, kitenge kimelowa maji ya kufulia, simu yangu mkononi. Nilikuwa nimeiacha kitandani. Iliita na ikaita, akaona aipokee.

Alikuwa jirani wa binti yangu. Maumivu yamezidi, wamempeleka hospitali asubuhi. Daktari amesema hawezi kungoja, atapasuliwa kesho mapema. Na wanataka ndugu waje watoe damu, maana iliyopo haitoshi.

Mkwe alisema yote hayo akimtazama mumewe, na hasira ya jana haikuwepo tena. Alimshika mkono, akamwinua.

"Twende kituoni," akasema. "Mengine mtagombana mkishafika."

Hatukufunga begi, na watoto tuliwaacha kwa jirani yetu. Sare zilikuwa zinachuruzika kwenye kamba. Mwanangu alifunga karakana akiwa na aproni yake ya ngozi, na njiani aliwaza kwa sauti: basi la jioni linaingia jijini alfajiri, tutawahi, tutawahi tu.

Kituoni kulikuwa na watu kama siafu. Ni likizo, kila familia inakwenda mahali. Watoto juu ya mabegi, akina mama wanahesabu vichwa. Niliwaona wakicheka nikawaonea wivu, maana hata sisi tulikuwa tuwe hivyo.

Mkata tiketi alikuwa dada mmoja mwenye miwani, amechoka, kalamu sikioni. Alimtambua mwanangu mara moja.

"Si wewe uliyerudisha viti asubuhi?"

Mwanangu akasema ndiye, anavitaka tena.

Yule dada alimtazama vile mtu anavyomtazama mlevi. Alieleza kwamba viti vile havikupoa. Aliviweka mezani vikachukuliwa kabla hajamaliza kunywa maji. Basi la jioni limejaa, la kesho halitawahi, na magari madogo yote yamekodiwa na watu wa likizo tangu jana.

Mwanangu aliegemea lile dirisha dogo, paji la uso kwenye vyuma. Ni vyuma alivyovichomelea yeye mwenyewe, sijui kama alikumbuka. Mkwe ndiye aliyeinama akaeleza: mgonjwa, damu, kesho mapema.

Dada wa miwani akavuta pumzi. Akapekua, akapiga simu kwa dereva, wakabishana. Akarudi.

"Kuna kimoja. Kile cha pembeni ya dereva, si cha kuuza. Mmoja tu, na kusimama haruhusiwi mtu, msiniombe."

Kimoja.

Tukatazamana, mimi na mwanangu.

Akasema taratibu kwamba aende yeye. Damu yangu hawataitaka, ya mtu wa umri wangu, wa presha, mwenye vidonge vitatu kwa siku. Yake wataichukua. Yeye ndiye mwenye kitu anachohitaji yule.

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma. Lakini aliyeitwa ni mimi. Alisema nataka nikuone wewe. Nikimtuma mtu ambaye binti alinikataza nisimwambie, nikamtuma wakati yeye amelala hajiwezi, si nitakuwa nimemfanyia kama kaka yake alivyomfanyia? Na vipi kama akiona uso ule akakataa damu? Namjua binti yangu. Atakataa.

Na nikienda mimi, nitamshika mkono, na mkono haujazi chupa.

Nikamwambia mwanangu ngoja. Nikaomba simu. Mkwe akanipigia, maana namba zilikuwa zinanipotea kwenye ukungu wa macho.

Iliita kwa muda mrefu. Jirani akapokea, akampa.

Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi wa mwisho kwenye bobini ya cherehani. Nikamwambia nipo kituoni. Nikamwambia nimevunja kiapo, anisamehe, kaka yake anajua. Nikamwambia kiti ni kimoja na damu inatakiwa, aseme yeye, nani aje.

Nyuma yake nilisikia gurudumu la kitanda likipita na mtu akiita muuguzi.

"Mama," akasema. "Mpe kaka simu."

Nikamnyooshea. Mwanangu aliitazama ile simu kana kwamba ni chuma kilichotoka motoni sasa hivi. Hajasikia sauti ya dada yake tangu kabla ya msiba. Mkewe akamchukua mkono, akauinua, akaiweka simu sikioni mwa mumewe.

Sikusikia alichoambiwa, kama aliambiwa kitu.

"Ni mimi," akasema. "Mama hakujua. Mama alinituma nikuite, mimi ndiye sikukuita. Ni mimi peke yangu."

Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni waliacha kusukumana.

Nilisogeza sikio langu kwenye simu. Hakukuwa na neno. Haikuwa imekatwa, kulikuwa na pumzi, inaingia na kutoka, inaingia na kutoka.

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Dada wa miwani akaichomoa kalamu sikioni, akaiweka juu ya tiketi.

"Mama, nina foleni," akaniambia, na hakusema kwa ubaya. "Niandike nani?"